Barua kwa mwalimu mwenzangu: huyo mamba ni nani?

Mombasa, Jumapili jioni

Rehema sahibu yangu,

Salamu nyingi, na pole na mvua za huko. Barua yako nimeipata na swali lako nimekwenda nalo huku na huku. Unasema wanafunzi wako wa kidato cha tatu wamesoma shairi la "Mamba" la Abdilatif Abdalla, ukawauliza huyo mamba ni nani, na karibu darasa zima likaandika jina moja: Kenyatta. Sasa hujui uwape alama zote au uwanyime. Mimi ningewapa nusu, tena kwa roho safi, kisha ningewarudisha kwenye shairi wakaitafute nusu iliyobaki.

Nusu ya kwanza ni haki yao. Abdilatif alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipoandika waraka wa "Kenya: Twendapi?", akiwa upande wa KPU, chama cha upinzani. Mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa sababu ya waraka huo. Mashairi ya kitabu chake Sauti ya Dhiki, "Mamba" likiwamo, aliyatunga humo gerezani, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Mtu aliyefungwa na serikali ya Kenyatta anatunga shairi la mamba mwenye kiburi. Mtoto asiyeuona uhusiano huo bado amelala. Ila kuna jambo ambalo mimi hupenda kuwachokoza nalo. Kitabu kilitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya fasihi, na tuzo yenyewe ina jina la Jomo Kenyatta. Kama mamba ni mtu mmoja mwenye jina na kitambulisho, basi matusi aliyotukanwa yamepewa tuzo kwa jina lake mwenyewe. Waache wacheke kwanza, halafu waulize: kwani waliotoa tuzo walisoma nini humo?

Ugonjwa wa madarasa yetu ni haraka. Tunamwona mamba, hatumtazami hata kidogo, tunaanza kumchuna ngozi tukitafuta mtu ndani yake. Mtazameni kwanza. Ubeti wa pili ndio unaomleta:

Kuna mamba, mtoni metakabari
Ajigamba, na kujiona hodari
Yuwaamba, kwamba 'taishi dahari

Metakabari ni kujaa kiburi, na dahari ni milele. Waulize: anafanya nini? Hamli mtu. Hana meno humu, hana mkia, hakuna damu majini. Mtunzi alikuwa na mnyama mwenye kutisha kuliko wote mtoni, na vyote vya kutisha akaviweka kando, akabakiza majigambo. Vitisho vinakuja kutajwa mbele, lakini vinatajwa ili mwenyewe aambiwe kwamba havitamfaa. Kwa hiyo mwanafunzi akikuandikia kwamba maudhui ni "ukatili wa watawala", muulize ameuona ukatili huo mstari upi. Anayeshughulikiwa hapa ni kiumbe aliyesahau kwamba atakufa. Ndiyo maana shairi halikuzeeka baada ya utawala ule kupita. Mwenyekiti wa kijiji anaenea humo, mwalimu mkuu anaenea, na wako wazee wa mtaani kwetu ambao wanaenea hadi mtoni hakubaki nafasi.

Wahenga wametuonya tusimtukane mamba kabla hatujavuka mto. Mtunzi wetu yumo ndani ya mto, maji shingoni, na anamsema mamba mchana kweupe. Darasa likishaliona hilo, huhitaji kulieleza ujasiri ni nini.

Sasa mtindo, ambao najua unakuchosha kwa sababu mitihani imeugeuza hesabu: vina, mizani, inkisari (maneno yaliyofupishwa) ngapi, haya kaa chini. Wanafunzi wako watakwambia kila mstari una vipande viwili, cha kwanza mizani (yaani silabi) 4 na cha pili 8. Ni kweli. Lakini vinafanya kazi gani? Msimamishe mmoja asome vipande vifupi peke yake, kwa sauti. "Kuna mamba" ni ukelele wa mtu aliye ukingoni akiwaonya wenzake. Beti za mwisho zinaanza na "Akumbuke", kisha "Afahamu". Hizo ni amri, na anayeamrisha ni mfungwa! Tena hamwamrishi mamba uso kwa uso, hasemi "kumbuka". Anasema "akumbuke", kana kwamba anatutuma sisi tukamfikishie. Msomaji anamaliza shairi akiwa ameshabebeshwa ujumbe, apende asipende. Hilo mwongozo wowote wa kununua dukani sijauona ukilisema, na mwaka huu nimepitia mingi. (Sina ugomvi na wanaoiandika, kila mtu ana watoto wa kulisha. Nina ugomvi na mwalimu anayeifungua kabla ya kukifungua kitabu.)

Na usiruke ubeti wa kwanza kwa kuwa mamba bado hajafika. Humo mtunzi anatamka wazi: "Niufumbe, wafumbuwe wawezao." Amekwambia mlango umefungwa na anakusubiri. Mombasa ina ada hii tangu zamani; Muyaka bin Haji aliwasema wakubwa kwa mafumbo enzi za Wamazrui, watawala wa Mombasa wakati huo, na waliopaswa kuelewa walielewa. Kwa hiyo wanafunzi wako wanapobishana juu ya mamba, wanafanya kazi waliyoachiwa.

Ukipata kipindi kimoja cha ziada, wasomee na "Kuno Kunena" kutoka kitabu hichohicho. Mstari wa kwanza tu: "Kuno kunena kwa nini, kukanikomeya kuno?" Waambie wausome haraka mara kadhaa, ulimi ukwame. K na n zinagongana hadi kinywa kinakuwa kama mlango unaopigwa komeo. Mtu anauliza kwa nini kusema kwake kumemfungia, na msomaji mwenyewe kusema kunamshinda. Hapo hakuna mnyama wala mto wa kutafutia tafsiri; sauti yenyewe ndiyo yenye maana.

Kwenye hadithi fupi, ambazo umesema utaanza muhula ujao, mambo ni tofauti kidogo. Katika "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed, Jitu linaingia mkahawani Madongoporomoka, linaagiza chakula chote kilichopikwa, linakimaliza, na kuahidi kurudi kesho kula zaidi. Watoto wako watacheka sana, na wewe cheka nao. Usiwakatize kwa kuandika ubaoni "tumbo = unyakuzi wa ardhi". Ucheshi ule ni mtego. Mabuldoza yanapofika kubomoa vibanda vya maskini, hakuna haja ya mwandishi kutueleza uroho wa wakubwa una ukubwa gani. Tumeshaketi nao meza moja na kuuona ukifuta sahani. Chuku, ule utiaji chumvi, imefanya kazi yake mapema. Ukilitaja jibu kabla ya kicheko, umewanyima watoto kule kushtuka, na kushtuka ndiko kunakobaki hata wakisahau jina la mkahawa.

Tahadhari moja. Ukishawafundisha kutafuta ishara, wataziona hadi kwenye nukta. Mmoja wangu alinishikilia kwamba kiti cha mbao katika hadithi fulani ni ukoloni, kwa sababu mbao hutoka msituni na wakoloni walikata misitu. Nilimuuliza kiti kinarudi mara ngapi, nani anakikalia, nani ananyimwa. Kinatajwa mara moja, mtu anakikalia, basi. Kwa kipimo hicho hata ule mto wa "Mamba" mimi sitaki uitwe taifa la Kenya. Umetajwa mara moja tu, na mamba lazima awe mahali.

Niandikie uniambie mjadala ulikwendaje, hasa yule binti unayesema hupinga kila kitu. Natamani kusikia yeye alimwona nani majini. Na nakala yangu ya Sauti ya Dhiki bado iko kwako. Ukimaliza, mpe mtu wa kuaminika anayekuja Mombasa. Usiitie posta.

Wako,
Salim