Wameshinda wangapi?

Ndugu Mhariri,

Habari za nje zinapomhusu mtu asiyejihesabu kuwa mwanamume wala mwanamke, Kiswahili cha magazeti yetu huanza kuchechemea. Chukua Nemo, msanii wa Uswisi aliyeshinda Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, mjini Malmö, Sweden, Mei 2024. Kwa Kiingereza hutajwa kwa "they", yaani "wao". Mfasiri wa neno kwa neno ataandika "Nemo wameshinda, wao wanasema", na msomaji wa Kongwa au Bahi atauliza walikuwa wangapi. Ana haki ya kuuliza. Kiingereza hukopa wingi kwa sababu umoja wake humlazimisha mwandishi achague kati ya "he" na "she". Sisi tuna yeye na kiambishi a-, basi. "Nemo ameshinda" imetosha. Kigogo nacho hakibagui; Kisandawe cha kule Farkwa ndicho chenye kiwakilishi cha mume na kingine cha mke, kwa hiyo anayetaka kuona adha ya Waingereza hana haja ya kupanda ndege.

Kuna wanaopatia a- halafu wakaharibu aya ya pili. Wakikwepa kurudia jina huweka "mwanadada huyo" au "kijana wa kiume", na hapo wamepachika jinsi ambayo habari ya asili haikuitaja. Andika "msanii huyo". Kwa mambo ya familia tunayo ndugu, mzazi, mtoto, mwenzi. Mtego wa Kiswahili chenyewe umo kwenye kitenzi, maana mwanamume huoa na mwanamke huolewa: tumia "amefunga ndoa". Bw. na Bi. ziachwe, liwekwe jina la kazi au "Ndugu", ambalo nchi hii imewaita nalo wake kwa waume tangu enzi za TANU.

Kinachovurugwa zaidi ni jina la kundi lenyewe. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoelemea wazi upande wa kiume au wa kike. Hilo ni la mwili. Shoga, kwa maana ya magazetini (si ile ya wanawake wa Pwani kuitana), linahusu anayempenda nani. Tunayemzungumzia hapa anahusika na namna anavyojitambua, na mwili wake unaweza usiwe na tofauti yoyote. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 1,524, na hao ni huntha. Kuinukuu namba hiyo kwa kundi jingine ni kupotosha. Kwa kuwa neno moja lililozoeleka halipo, eleza kwa kirefu mara ya kwanza, "asiyejitambulisha kama mwanamume wala mwanamke", kisha endelea na jina lake. Na jinsi ni ya mwili, jinsia ni ya jamii. Zisichanganywe ndani ya sentensi moja.

Mwisho, ile X ya pasipoti. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinaruhusu kwenye nafasi ya jinsi F (mwanamke), M (mwanamume) au X, na X maana yake "haikutajwa". Kwenye mistari ya chini inayosomwa na mashine huwekwa alama ya < tu. Kuandika kwamba nchi "imetambua jinsi ya tatu" kwa sababu ya X peke yake ni kuruka hatua. Ujerumani, iliyoongeza kundi la tatu kwenye usajili wa vizazi Desemba 2018, ndiyo inayostahili kichwa hicho.

Wafasiri na wasomaji prufu,
Dodoma