Barua kwa mwanangu: angalia ukingo kabla ya kutoa pesa

Kamalondo, Lubumbashi

Mwanangu mpenzi,

Picha zako zimefika na nimezikuza kwenye simu mpaka macho yakauma. Unauliza kama ile faranga 5 ya Katanga yenye uvimbe pembeni ina kosa la kiwandani kweli, la aina ambayo wakusanyaji wa sarafu hulilipia zaidi, jinsi muuzaji anavyodai, na kama ile kwacha ya Zambia yenye ukingo mnene nayo ni ya namna hiyo. Anataka dola kwa zote mbili. Tulia kwanza, mama, usitoe kitu. Majibu yote mawili yako kwenye ukingo, ule mdomo ulioinuka kuzunguka uso wa sarafu, ila lazima ujue ukingo unatokeaje.

Wengi hudhani ukingo unazaliwa wakati sarafu inapopigwa muhuri, kile chuma kilichochimbwa picha ya sarafu. Unaanza mapema zaidi. Bamba la madini linapitishwa kwenye rola mpaka lifikie unene unaotakiwa, halafu mashine inakata visahani vya duara. Unazikumbuka rondela, vile visahani vya kuweka chini ya boliti, nilizokuwa nakata karakana, wewe ukiziokota sakafuni? Upande mmoja ulikuwa laini, umejikunja kidogo, na upande wa pili ulikuwa na makali ya kukata kidole. Kisahani cha sarafu kinatoka hivyohivyo. Tena kinakuwa kigumu, kwa sababu madini yakishagandamizwa yanakaza. Kwa hiyo kinatiwa motoni kilainike, kinaoshwa, ndipo kinapelekwa kwenye mashine ya kuinua ukingo.

Mashine hiyo naipenda kuliko zote za kazi ile. Ina gurudumu linalozunguka, na pembeni yake kipande cha chuma kisichosogea. Kati yao kuna mfereji unaozidi kubana kadiri kisahani kinavyosonga mbele. Kisahani kinabingirika humo huku kinaminywa ubavuni. Kipenyo kinapungua kidogo, na madini yaliyokosa pa kwenda yanapanda kwenye mzingo, pande zote mbili. Kinatoka na ukingo, lakini hakina picha wala maandishi.

Taabu hiyo ina sababu yake. Muhuri ukipiga, madini yanakimbilia kwenye mashimo ya picha, na sehemu ngumu kuijaza ni pembezoni kabisa. Kama madini yameshasogezwa pale, nguvu kidogo inatosha, na muhuri unaishi zaidi. Ndipo kisahani kinawekwa ndani ya pete ya chuma, juu ya muhuri wa chini, na muhuri wa juu unashuka kwa nguvu ya makumi ya tani. Mashine za siku hizi zinapiga zaidi ya 600 kwa dakika moja. Pete inazuia madini yasitawanyike. Kama ina meno ndani, ubavu wa sarafu unatoka na mistari. Ukingo unakamilika hapo, ukiwa juu kuliko picha, ili sarafu zipangike moja juu ya nyingine na picha isisuguliwe kwanza.

Misalaba ya shaba ambayo wazee wetu waliitumia kama fedha haina ukingo wa namna hii kwa sababu haikupigwa. Shaba iliyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Msalaba huohuo ndio uliowekwa kwenye faranga 1 na faranga 5 za Katanga, za shaba nyeusi, mwaka 1961, na upande wa pili zikawekwa ndizi. Dola lenyewe la Katanga, lililojitenga na Kongo, lilitangazwa Julai 1960, na kufikia Januari 1963 lilikuwa limekwisha. Wauzaji wanalijua hilo, na bei wanaipandisha hata bila uvimbe.

Sasa tuje kwenye uvimbe wenyewe. Muhuri ni chuma cha pua kilichokazwa kwa moto. Ni kigumu sana, na kwa sababu hiyohiyo hupasuka. Baada ya kupiga maelfu ya sarafu unaweza kupata ufa, na mara nyingi ufa huo unagusa ukingo. Madini yanaingia ndani ya ufa kila muhuri unapopiga, na kwenye sarafu unaona mstari mwembamba ulioinuka. Kilichochimbika kwenye muhuri kinainuka kwenye sarafu. Kisu au msumari hufanya kinyume chake, mstari unazama. Mtu akikuonyesha mstari uliozama na kuuita ufa wa muhuri, mrudishie sarafu yake.

Ufa ukianzia ukingoni, ukazunguka na kurudi ukingoni, kipande cha muhuri kinang'oka. Kuanzia hapo kila sarafu inayopigwa inatoka na nundu mahali palepale, nundu isiyo na herufi wala picha, iliyoungana na ukingo na kuumeza. Na hapa kuna alama ambayo mlaghai hawezi kuiweka kwa tone la risasi iliyoyeyushwa: upande wa pili, mkabala kabisa na nundu, picha inakuwa hafifu, wakati mwingine haipo, kwa sababu madini ya pale yalikwenda kujaza pengo.

Nundu ya faranga yako inanipa moyo. Imeumeza ukingo kabisa na sioni mshono chini yake. Lakini kwenye picha ya upande wa pili kidole cha muuzaji kimefunika mahali penyewe. Mwambie akuachie uishike. Weka kidole gumba juu ya nundu na kidole cha shahada chini yake, kisha igeuze bila kuviachia, uone kidole cha shahada kimegusa wapi. Usikisie kwa kufuata herufi, kwa maana nchi nyingine hupiga upande mmoja kichwa juu na wa pili kichwa chini. Kama palipoguswa pamefifia, nunua. Kama maandishi ni makali kabisa, ondoka.

Kwacha iache. Ukingo wake umenenepa mzunguko mzima, umejikunja kuelekea ndani na kumeza nusu ya herufi. Muhuri haufanyi hivyo. Muhuri wa juu ukikaa upande, ukingo unanenepa huku na kukonda kule, na uso wa pili unabaki sawa. Pete ikikosekana, sarafu inatawanyika, inakuwa pana kuliko wenzake na ukingo unapotea. Pete ikipanda nusu tu, ubavu unakuwa na ngazi kama gurudumu la treni lilivyo na mdomo wake. Hii uliyonipigia picha imegongwagongwa ubavuni kwa muda mrefu. Sarafu iliyonasa ndani ya mashine kubwa ya kukausha nguo hutoka hivyo. Kwacha hizi zimeanza mwaka 2013 na mama zetu wanaokwenda mpakani Kasumbalesa wanazo. Omba moja, ipange juu ya hiyo ya muuzaji. Utaona ya muuzaji imekuwa ndogo.

Kuna moja ningependa siku moja uione. Mwaka 1937, kiwanda cha sarafu cha Denver, Marekani, kilipiga senti 5 yenye nyati. Mihuri miwili iligongana bila kisahani katikati, ikaachiana makovu. Fundi akasugua muhuri kuyaondoa, akasugua mno, na mguu mmoja wa mbele wa nyati ukafutika. Nyati wa miguu mitatu wakatoka, na leo watu wanalipa pesa nyingi kuwapata. Mimi namfikiria yule fundi na jiwe lake la kunolea, mkono mmoja umebonyeza zaidi kidogo. Kazi ya chuma naijua, na sarafu hiyo inanigusa kuliko ya dhahabu.

Ukiinunua hiyo faranga, usiisugue kwa ndimu wala majivu, hata ikiwa nyeusi. Weusi ule umeingia pia ndani ya nundu, na mnunuzi mwenye akili atautafuta huko. Ifunge kwenye karatasi kavu, usiiweke kwenye plastiki laini ya mifuko. Bei anayotaka ni kubwa. Anzia nusu yake, na asipokubali niandikie kabla hujaongeza.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama unga wa bukari umekufikia.

Baba yako