Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Ya fedha atayasema mweka hazina. Langu ni moja tu: ada zinachelewa kama kawaida, na wenye deni wanajijua.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa maonyesho yetu kuhusu WASP (Women Airforce Service Pilots), wale wanawake 1,074 waliohitimu urubani Texas na kulirushia ndege Jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Safari ya makumbusho yao, katika mji wa Sweetwater, Texas, ilijaza basi. Wengi walicheka kusikia kwamba mwanafunzi aliyeruka peke yake mara ya kwanza alitupwa kisimani na nguo zake zote. Kicheko kiliisha tulipofika kwa waliokufa.

Walikufa 38. Walikuwa wakitoa ndege viwandani kuzipeleka kambini, wakivuta shabaha za vitambaa angani huku askari wanafunzi wakizifyatulia risasi za kweli. Lakini waliandikwa raia. Jeneza halikustahili bendera, na mara nyingine wenzao ndio waliochanga gharama za kuirudisha maiti nyumbani.

Kikosi kilivunjwa tarehe 20 Desemba 1944. Mwaka 1976 Jeshi la Anga likatangaza kwamba litafundisha marubani wanawake kwa mara ya kwanza. Kwa mara ya kwanza! Mabibi wale wakawaka. Walibisha hodi Bungeni, Seneta Barry Goldwater akiwaunga mkono, na kilichowabeba ni karatasi: cheti cha kuondoka kazini alichokitunza mmoja wao, chenye maneno yaleyale waliyoandikiwa wanajeshi. Novemba 1977 Rais Carter alitia saini sheria, wakatambuliwa kuwa maveterani.

Nishani ya Dhahabu ya Bunge walipewa 2010. Hata hivyo, Elaine Harmon, mmoja wao, alipofariki 2015, jeshi lilikuwa limeshawafungia tena makaburi ya kijeshi ya Arlington, na majivu yake yakabaki kabatini kwa mjukuu wake. Familia ilipigana mpaka sheria nyingine ikapitishwa, akazikwa Septemba 2016. Nishani mkononi, kaburi hakuna. Mimi jambo hilo bado linaniudhi.

Ndiyo maana kamati inapendekeza mwaka ujao tukusanye nakala za karatasi za kazi za mama na bibi zetu: vyeti, vitambulisho, barua za ajira. Leteni zilivyo, hata zikiwa zimechakaa. Na tafadhali, msizitie plastiki ya moto, zinaharibika.