Pamba ya Matumbi na swali lako

Songea,
2 Machi.

Mpendwa rafiki yangu Rashidi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Barua yako ilinifikia siku mbili baada ya kumbukumbu ya mashujaa ya tarehe 27 Februari, nikiwa bado nawaza yale tuliyoyasikia penye makaburi ya akina Nkosi (mfalme wa Wangoni) Mputa Gama walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Umeniandikia kwamba lau Vita vya Maji Maji, vile vya kuwapinga Wajerumani, visingalipiganwa, leo tusingalikuwa taifa moja. Hoja yako naiheshimu, ila siikubali yote.

Kwanza, naamini vita vile viliepukika, na mwenye uwezo wa kuviepusha alikuwa gavana wa Kijerumani, von Götzen, si wazee wetu. Kuanzia mwaka 1902 watu wa kusini mashariki walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida, mawakala wa serikali ya Kijerumani, kiboko kikiwa mgongoni, msimu uleule mpunga wao wenyewe ulipohitaji palizi. Mwaka wa kwanza, sehemu za Dar es Salaam, mtu alipewa senti 35 kwa kazi ya mwaka mzima, na wapo waliokataa hata kuzipokea. Mtu anayekataa ujira wa jasho lake amekwisha kusema yote, kama yupo wa kumsikiliza. Julai 1905, pale Nandete katika vilima vya Umatumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela walipotangaza vita, tendo lao la kwanza lilikuwa kung'oa miche ya pamba. Tazama walichokianza: hawakuanza na mtu, walianza na mche.

Utasema gavana asingaliweza kurudi nyuma. Mbona mrithi wake aliweza? Von Rechenberg, aliyekijua Kiswahili tangu alipokuwa Unguja, alishika ugavana mwaka 1906, na chini yake wakulima wakahimizwa kulima mazao ya kuuza katika mashamba yao wenyewe. Kilichowezekana juu ya makaburi kingaliwezekana kabla yake.

Nakiri kwamba hapa kwetu Ungoni hoja yangu inayumba. Wangoni hawakuwa na pamba ya kung'oa. Chuki yao ilikuwa ya watawala walionyang'anywa utawala tangu mwaka 1897. Huenda wangalipigana siku nyingine, kwa sababu nyingine. Lakini wangalipigana peke yao, bila maji ya dawa ya Kinjikitile, mganga wa Ngarambe, yaliyoaminiwa kuwakinga na risasi, kuwafikia, na pengine moto usingalienea kutoka Kilwa hadi Mahenge.

Kilichouma zaidi hakikuwa bunduki, Rashidi. Wajerumani walipoona kwamba waasi wameingia maporini, walichoma vijiji, vihenge na mazao shambani, wakaiachia njaa ikamilishe kazi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ya waliokufa ilikuwa watu wapatao 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mashamba yaliyoachwa yakawa vichaka, vichaka vikaleta ndorobo, na baadaye sehemu kubwa ya nchi ile ikatengwa kuwa pori la akiba la Selous, ambalo tangu mwaka 2019 eneo lake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ngarambe yenyewe leo imepakana na wanyama. Mtalii anayepiga picha za tembo huambiwa kwamba hapo ni nyika tangu asili, na hakuna anayemwambia kwamba sehemu zake zililimwa mtama. Bila vita, nadhani Liwale ingekuwa na watu wengi kama Masasi.

Ama kuhusu taifa, wewe unasema vita vilituunganisha. Mimi nasema vilituachia pia woga, kwani TANU, chama kilichodai uhuru, kilipoanza, walikuwapo wazee walioogopa kusikia tena habari ya kumpinga mzungu, na ilibidi waelezwe kwa subira kwamba safari hii silaha ni kura na hoja. Woga huo ulitusaidia au ulituchelewesha? Hapo bado sijaamua, na ningependa tubishane ana kwa ana.

Mwezi wa saba nitakuja Kilwa, Mungu akipenda. Tafadhali tafuta mtu wa kutufikisha Nandete, nataka kuona ni nini wanachokilima siku hizi mahali ilipong'olewa pamba.

Wako rafiki,
Fulgence