Bwawa la majitaka likijaa tope, mto ndio unaolipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyependekeza mabwawa ya majitaka ya miji midogo yafukiwe na ardhi yake ikatwe viwanja, kwa hoja kwamba mji mdogo hauna uchafu wa kuutisha mto. Mabwawa hayo nimeyahudumia hadi kustaafu. Nayajua kwa pua na kwa koleo.

Ukubwa wa mji peke yake hausemi kitu. Bakteria wanaoula uchafu wetu hutumia oksijeni ileile ya samaki, na maji safi yenye joto la nyuzi 25 hubeba kama miligramu 8 tu kwa lita. Majitaka ya majumbani yasiyosafishwa huhitaji miligramu 200 hadi 400 kwa kila lita. Piga hesabu: lita moja, tena ya majitaka mepesi, yaweza kumaliza oksijeni ya lita 25 za mto. Tume ya kifalme ya Uingereza ililiona hili mwaka 1912. Ilipendekeza mahitaji hayo ya oksijeni yasizidi miligramu 20 kwa lita baada ya kusafisha, na hapo ilikwishachukulia kwamba mto una maji angalau mara nane ya yale yanayomwagwa. Sasa fikiria kijito wakati wa kiangazi. Mto hupungua, vyoo havipungui.

Mji haulalamiki kwa sababu madhara hayaonekani mjini. Wataalamu Streeter na Phelps, waliochapisha hesabu zao za mto Ohio, Marekani, mwaka 1925, walionyesha kwamba oksijeni huendelea kushuka maji yakishaliacha bomba, hadi yafike mahali pabaya kuliko pote huko chini, ndipo yaanze kupata nafuu. Unaweza kusimama penye mdomo wa bomba ukaona samaki wanacheza. Wanaokufa wako mbali, kwa watu wasiopiga kura kwenu.

Mabwawa huzuia hayo kwa kupokezana maji, moja baada ya jingine. Bwawa la kwanza, lenye kina cha mita 2 hadi 5, ndilo hupokea mzigo: uchafu mzito huzama na kuozea chini bila hewa. La pili lina kina kifupi zaidi, na humo mwani, vijimea vidogo vinavyoyafanya maji kuwa ya kijani, hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua, bakteria wakaitumia kumalizia kazi. Ya mwisho huachwa mafupi zaidi ili jua liwaue vijidudu vya kuharisha, huku mayai ya minyoo yakizama taratibu. Hakuna mota wala umeme. Wageni waliotutembelea walikunja uso kwa ule ukijani. Mimi ukijani ulinipa usingizi. Bwawa la pili likianza kugeuka rangi ya waridi au zambarau, ujue limezidiwa.

Hata hivyo, msomaji yule ana haki kwa jambo moja: mabwawa mengine hayafanyi kazi. Tope la bwawa la kwanza linatakiwa kutolewa likifika theluthi ya ujazo wake. Likiachwa, maji hukatiza juu kwa juu na kutoka karibu kama yalivyoingia. Kwa nje huoni tofauti, bomba linamwaga vilevile, na ndiyo maana fungu la kutoa tope huwa la kwanza kufyekwa kwenye bajeti. Kumwaga saruji juu ya bwawa la namna hiyo ni kuuhamishia mto tope lote la kesho.

Ninachoomba kwa wanaopanga bajeti ni fungu hilo lisiguswe, na maji yapimwe pia huko chini ya mto, si penye bomba tu. Tena sampuli ichukuliwe alfajiri. Usiku mwani hautengenezi oksijeni, unaitumia. Anayepima saa nane mchana, jua likiwa limeufanyisha kazi tangu asubuhi, atarudi ofisini na takwimu nzuri za mto unaokosa pumzi kila usiku.

Mhudumu mstaafu wa mabwawa ya majitaka