Kujitolea ng'ambo: makubaliano yatangulie tiketi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaojiandaa kwenda nchi ya nje kujitolea kwenye miradi ya vijana wenzao: vilabu vya michezo, vituo vya baada ya masomo, kambi za likizo, mafunzo ya sanaa au kompyuta. Wengi huhangaikia nauli na viza miezi mingi, halafu karatasi ya kazi wanaisaini kwa dakika mbili. Matatizo mengi yanayowakuta huko yalikuwa yameandikwa humo, au yalitakiwa yaandikwe yakaachwa.

"Atasaidia vijana" si maelezo ya kazi. Makubaliano ya kueleweka yanataja ni vijana wangapi, wa umri gani, siku zipi, saa ngapi kwa wiki, kwa lugha gani, vifaa vipi vipo tayari, na nani anakusimamia kwa jina na cheo. Kwa anayetafuta kipimo, Mpango wa Mshikamano wa Ulaya (European Solidarity Corps), ambao ni wa Umoja wa Ulaya kwa vijana wanaojitolea, unaweka saa 30 hadi 38 kwa wiki, siku mbili mfululizo za mapumziko kila wiki, na siku mbili za likizo kila mwezi. Hata kama huendi kwa mpango huo, tumia takwimu hizo kupimia. Ukiona saa 55 kwa wiki bila malipo, hapo unatafutwa kibarua wa bure.

Kisha uliza swali ambalo waratibu hawalipendi: kazi hii ilikuwa inafanywa na nani, na nikiondoka itafanywa na nani? Jibu likiwa kuna mwajiriwa aliyepunguzwa, ujue unachukua ugali wa mtu. Likiwa "hakuna", basi mradi utapanda ndege pamoja nawe.

Kuhusu fedha, mipango mikubwa ya serikali hulipia karibu kila kitu. Mpango wa weltwärts wa Ujerumani, ulioanza mwaka 2008, hupokea pia vijana kutoka nchi za Kusini wenye umri wa miaka 18 hadi 28. Nauli, malazi, chakula, bima na posho hugharamiwa. Kwa kawaida mlango wake ni shirika la nchini mwako linaloshirikiana na shirika la Ujerumani, kwa hiyo wakala anayekwambia ana "nafasi zake" za kuuza mwogope. Si kila ada ni utapeli, kwa kuwa kambi za kazi za wiki mbili tatu huwa na ada ya usajili. Dai mchanganuo: kiasi gani ni malazi, kiasi gani ni ofisi, kiasi gani kinafika kwenye mradi. Na kabla ya kutuma chochote, zungumza kwa simu na mtu aliye kwenye mradi wenyewe, si ofisi iliyotangaza. Fedha zikitakiwa kwenye akaunti ya mtu binafsi, ishia hapo.

Nafasi ya kukaa na watoto inayotolewa bila usaili, bila wadhamini na bila cheti cha tabia njema isikufurahishe. Mlango uliofunguliwa hivyo kwako uko wazi kwa kila mtu, na wanaoumia ni watoto. Hapa vituo vya yatima vinahitaji neno la peke yake. Watoto wengi wanaoishi humo wana mzazi aliye hai. Wageni wanaolipa ndio wanaofanya mtoto awe bidhaa, na mtoto anayezoea mgeni mpya kila wiki tatu hufunzwa kuachwa. Australia ilitambua biashara hiyo katika mjadala wa sheria yake ya utumwa wa kisasa ya mwaka 2018, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaigusa katika azimio la haki za mtoto la mwaka 2019. Mwenye muda mfupi achague kazi isiyotegemea mazoea: kutengeneza uwanja, kuandaa vifaa, kuwanoa viongozi wa vilabu.

Viza ya utalii haitoshi. Nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa kazi hata kama hulipwi, na adhabu yake inaweza kuwa kurudishwa nyumbani kutoka uwanja wa ndege huku rekodi ikibaki. Tarehe, anwani, aina ya kazi na jina la anayegharamia kwenye barua ya mwaliko vilingane na fomu yako. Hitilafu ndogo hapo hukwamisha maombi. Pasipoti iwe na angalau miezi sita zaidi ya tarehe ya kurudi, na ukifika ikae mikononi mwako, si kwenye kabati la mwenyeji. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo usichanje juzi ya safari. Bima iguse matibabu, kurudishwa nyumbani, na pia madhara utakayomsababishia mwingine: kijana akivunjika mkono kwenye mchezo uliouongoza wewe, nani analipa?

Ukishafika, wiki mbili za kwanza tazama tu. Mipango iliyoandikwa nyumbani huvunjika kwa sababu ilihesabu kompyuta 15 na zilizopo ni nne, au moja ndiyo inayowaka. Kuwa na vipindi visivyohitaji umeme. Usibaki na mtoto mmoja chumbani mlango ukiwa umefungwa, usiandikiane naye faragha, na picha yake isiende mtandaoni bila idhini ya mzazi.

Makabidhiano yaanze katikati ya muda, si wiki ya mwisho. Theluthi ya mwisho, kiongozi wa pale aendeshe kipindi na wewe ukae nyuma. Mwachie daftari la mahudhurio, vipindi vinane au kumi vilivyoandikwa kwa lugha yao, na funguo zote. Kuna kosa moja linalojirudia mno: ukurasa wa mtandaoni wa klabu hufunguliwa kwa namba ya simu ya mgeni. Anaondoka, laini inafungwa, na klabu haiwezi tena kuingia kwenye ukurasa wake. Sajili kwa namba ya mradi tangu siku ya kwanza.

Msomaji wako