Kaka, kijana wako nitampokea

Kaka,

Ujumbe wako nimeuona. Kijana amemaliza shule na anataka kuja Nairobi kutafuta kazi ya mjengo. Aje, mtoto wako ni wangu.

Ila mweleze mapema kwamba kibarua hakina mkataba. Siku tajiri akifunga geti, huna pa kulalamikia. Aweke akiba, hata shilingi hamsini kwa siku. Mimi niliweka, usidhani sikuweka. Ile pesa ya dawa za mama ilitoka wapi? Ndiyo hiyo ilikuwa akiba yangu.

Nairobi ilipofungwa tarehe 6 Aprili 2020, tuliambiwa ni siku 21. Ikaendelea hadi Julai. Wenye nyumba za Kileleshwa wakatuzuia mama fua getini, eti tutawaletea korona, sisi tuliokuwa tukifua hata shuka za wagonjwa wao. Kodi ikanishinda. Mwenye ploti wa hapa Kawangware akang'oa mlango, nikatundika leso, na kafyu ilikuwa inaanza saa moja jioni. Mama akafariki katikati ya hayo. Rironi, njiani kuja nyumbani, kulikuwa na kizuizi, na mazishini serikali ilitaka watu 15 tu. Jina langu halikuwa kwenye orodha yako. La shemeji yako lilikuwepo.

Hilo nimelimeza. La Julai ndilo limekataa kushuka. Barabara zilipofunguliwa nilikuja, ukanisimamisha pale kwenye mwembe. Ukaniletea chai kwa kile kikombe cha plastiki cha kuchotea maji ya kuku, ukakiweka kwenye nyasi, ukarudi nyuma upesi kama mtu anayemlisha mbwa mkali. Watoto wakakatazwa kunisalimu. Huyu kijana alikuwa dirishani, alikuwa anaona. Kaburini nilikwenda peke yangu.

Najua uliogopa. Redioni walikuwa wanatuonya sisi wa Nairobi tusiwapelekee wazee ugonjwa. Na wewe ndiye uliyekuwa ukimgeuza mama kitandani usiku kucha, hilo sitalisahau. Lakini ungeniita jina langu, Kaka. Ungeuliza kama nimekula.

Habari ya ng'ombe mwekundu tutaongea baadaye.

Kijana aje na kitambulisho na viatu vya kazi. Kodi ya mwezi wa kwanza ni juu yangu. Wewe nipigie, usiandike. Nataka nikusikie ukisema kwamba siku ile ulinikosea.